Joto Lisilokuwemo Chumba Namba Mbili

Jumapili asubuhi Nasriya alikuwa hajamaliza kikombe chake cha chai wakati Harub alipofika mezani kwake, simu bado iko mkononi.

"Ghala la dawa la Rusayl," alisema. "Chumba baridi namba mbili kimepanda joto mara tatu katika wiki mbili. Mtunza chumba wameshamsimamisha kazi. Wanataka rikodi kutoka kwenye kifaa chetu, zichapishwe, zigongwe muhuri, ziwekwe mbele ya kamati Jumatano saa nne. Nenda kawatolee."

"Limefika wapi hilo joto?"

"Nyuzi kumi na nne mara ya kwanza. Kisha kumi na moja, kisha kumi na mbili."

Nasriya akaguna. Insulini na chanjo zilizomo mle hutakiwa zikae baina ya nyuzi mbili na nane. Kumi na nne maana yake ni shehena nzima kutupwa.

Kampuni ya Harub ilikuwa ya watu tisa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza visanduku vya kupimia joto la vyumba baridi. Kila kisanduku kilikuwa kompyuta ndogo yenye mfumo wake wenyewe. Kilisoma kipimajoto kila sekunde mbili, kikapiga hesabu ya wastani, kisha kikapeleka jibu kwenye seva ya mteja. Mfumo ule kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya mikono ya Nasriya. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na sita kati ya hiyo aliimalizia mle ndani.

Alifika Rusayl saa tano, jua limeshakuwa kali hata usukani haushikiki. Khattab, mudir, yaani meneja wa ghala, alimpokea vizuri. Alikuwa Mwarabu wa Nizwa aliyejifunza Kiswahili kwa mama yake, na akakisema polepole kama anayeogopa kukivunja. Alimpeleka mpaka chumba namba mbili, akamwacha na kisanduku chake ukutani. Nasriya alichomeka waya, akanakili kila kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya kisanduku. Ilichukua dakika ishirini.

Alipokuwa akitoka alimkuta mwanamke ameketi kwenye kibanda cha mlinzi, mkoba magotini. Alikuwa mtu wa makamo, kavaa sare ya ghala lakini bila ya kitambulisho.

"Wewe ndiye injinia wa hiyo mashine?" aliuliza.

"Ndiye mie. Nasriya."

"Mimi naitwa Jerusha. Ni mimi wanasema niliacha mlango wazi."

Nasriya alikuja kuchukua rikodi, hakuja kusikiliza kesi. Lakini mwanamke yule hakulia wala hakuomba. Alizungumza kama anayetoa taarifa ya kazi.

"Nataka tu ujue. Hiyo siku ya kwanza ikilia, nilikuwa ndani napanga maboksi, na mlango umefungwa. Nilikuwa na koti na glavu mbili na bado vidole vinaniuma. Nikatoka, nikaangalia kwa kioo, imeandika kumi na nne. Nikajiuliza, sasa kumi na nne ya wapi?"

"Ulimwambia Khattab?"

"Nilimwambia. Akasema mashine haina sababu ya kudanganya. Mtu ndiye huwa na sababu."

Nasriya aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaingia garini. Njiani maneno yale yalimkera, kwa sababu yeye mwenyewe ameshawahi kuwaambia wateja kitu kama hicho, tena kwa majivuno.

*

Seva ya ghala ilikuwa inaweka namba moja tu kila baada ya dakika kumi. Kwenye mchoro wa seva kila kitu kilionekana wazi: joto linapanda, linafika kileleni, kisha linashuka taratibu kwa muda wa nusu saa, kama chumba kilichofunguliwa mlango kikasahauliwa, halafu mtu akakumbuka kuufunga. Yeyote angeamini.

Lakini kumbukumbu ya kisanduku chenyewe ilikuwa na kila sekunde mbili. Nasriya aliifungua ofisini, akaitafuta siku ya kwanza, akashusha macho kwenye safu ya namba. Nne nukta mbili. Nne nukta mbili. Nne nukta mbili. Kumi na nne nukta sita.

Akarudi juu, akasoma tena. Chumba chenye ukubwa wa nyumba, kilichojaa maboksi yaliyopoa, kimepanda nyuzi kumi ndani ya sekunde mbili. Hata ukikibomoa ukuta hakifanyi hivyo.

Safu ya pembeni ilikuwa na namba ghafi zinazotoka kwenye kipimajoto kabla ya hesabu yoyote kupigwa. Zile hazikutikisika hata kidogo. Kipimajoto kilisema nne saa zote. Hesabu ndiyo iliyoruka, na kwa kuwa wastani huchukua muda kurudi mahali pake, ikashuka polepole kwa nusu saa.

Kwa muda mfupi alifurahi. Yule mama hakusema uongo. Kisha akaangalia zile nyakati tatu joto liliporuka, akaziweka kando ya kumbukumbu ya mtandao, na furaha ikamtoka. Kila mara hesabu iliporuka, sekunde ileile kisanduku kilikuwa kinajitambulisha kwa seva.

Na hilo la kujitambulisha alilitia yeye, wiki mbili zilizopita.

Mteja alitaka pasiwe na njia ya mtu kuingiza namba za uongo kwenye mtandao. Kila baada ya dakika kumi na tano kisanduku kithibitishe kuwa ndicho chenyewe, na kazi hiyo ifanyike ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, pale programu ya kawaida isipofika. Nasriya alichukua maktaba ya uthibitishaji, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine na kusifiwa dunia nzima, akaiunganisha na kiini. Ilimchukua mwezi. Rusayl ndiko walikoanza kuijaribu. Visanduku vya wateja wengine vilikuwa bado vinangoja zamu yao.

Alikwenda kwa Harub, akafunga mlango.

"Nadhani kosa ni letu," alisema. "Si letu. Langu."

Harub alimsikiliza mpaka mwisho, akaziangalia namba, akavua miwani.

"Umejua linatokeaje?"

"Bado."

"Basi nisikilize, Nasriya. Ukenda mbele ya kamati ukasema tu vitu viwili vimetokea wakati mmoja, watakwambia sadfa. Watasema tunamkinga mtu, au kifaa chetu hakifai kabisa hata hizo namba ghafi wasiziamini. Nenda ukaliite hilo kosa lije hapa mezani, nilione kwa macho yangu. Ukiliona, nitakwenda pamoja nawe na nitasema mimi mwenyewe."

"Na nisipoliona?"

"Utapeleka rikodi ulizonazo, na kila mtu atazisoma anavyotaka."

*

Jumatatu aliweka kisanduku cha majaribio juu ya meza, akatumbukiza kipimajoto chake ndani ya chupa ya chai iliyojaa maji na barafu. Badala ya kungoja dakika kumi na tano, alikiamuru kijitambulishe kila sekunde moja. Akawasha pia hali ya uchunguzi, ili mfumo uandike kila hatua inayopita ndani ya kiini. Kisha akakaa kuangalia.

Sufuri nukta moja. Sufuri nukta moja. Saa moja ikapita, na ya pili. Alibadilisha barafu. Aliubana mfumo kwa kuupa kazi nyingi kwa mpigo, akaupunguzia, akavuta waya wa mtandao na kuurudisha. Alisoma msimbo wake mstari kwa mstari, kila mahali alipoazima kumbukumbu na kila mahali alipoirudisha. Hakuona kosa. Adhuhuri ikamkuta hapo, na alasiri ikamkuta hapo. Kisanduku kilikuwa kimejitambulisha zaidi ya mara elfu ishirini, na barafu ikabaki barafu.

Jioni nyumbani kwao Al Khoudh mama yake alimtilia chakula, akamwona anakichezea.

"Nini tena? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Kuna kitu nnakitafuta, sikipati."

"Kimepotea wapi?"

Nasriya akacheka bila ya kutaka. "Ningelijua, kisingekuwa kimepotea."

Jumanne saa mbili asubuhi alirudi mezani, akaikuta namba ileile. Akaanza kuwaza mabaya. Labda lilikuwa kosa la kisanduku kimoja tu kile cha Rusayl, chipu mbovu, jambo lisilothibitika kabla ya kesho. Labda mlango ulikuwa wazi kweli na yeye anajidanganya. Simu ikalia. Namba hakuijua.

"Injinia, ni Jerusha. Nilipewa namba yako na mlinzi. Samahani kukusumbua."

"Hunisumbui, dada."

"Mudir ameniambia kesho nikuje na pasipoti, kamati ikisema ni mimi narudishwa kwetu. Nilitaka tu kuuliza kama kuna kitu umeona. Kama hakuna, niambie tu, nianze kupanga vitu vyangu."

Nasriya alifumba macho. Angeweza kumwambia angoje kamati.

"Nimeona kitu," alisema. "Kipimajoto chenyewe kilisema baridi saa zote. Mie nakuamini. Lakini nnataka niwaonyeshe namna kosa linavyotokea, na hapa mezani kosa halitaki kutokea. Tangu jana nnalichokoza."

"Na hiyo iko kwa meza yako ni sawa na hii ya huku?"

"Ni sawasawa. Kisanduku kilekile, kipimajoto kilekile, mfumo..."

Hapo akakigeukia kisanduku. Mfumo haukuwa uleule. Ule wa mezani aliuwashia hali ya uchunguzi, na hali hiyo ikiwashwa, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine huacha hila zake zote za kuongeza kasi. Huandika kila kitu kwa njia ndefu, ya wazi, ili mtu aweze kufuatilia. Ule wa Rusayl ulikuwa umeandikwa kwa njia ya mkato. Siku nzima alikuwa anamchunguza mtu mwingine mwenye sura moja na yule anayetafutwa.

"Injinia? Uko?"

"Nipo. Dada Jerusha, usipange kitu. Usipange hata soksi. Nitakupigia."

Alifuta mfumo wa majaribio, akapakia nakala ileile hasa iliyokuwa Rusayl, bila ya kugusa chochote isipokuwa ule muda wa kujitambulisha. Akatia barafu mpya. Akasimama, hakuweza kukaa.

Dakika ya saba, maji ya barafu yalifika nyuzi kumi na saba.

Alipiga ukelele mmoja uliomtoa Harub ofisini kwake mbio. Harub aliangalia kioo, akatia kidole kwenye chupa, akakitoa haraka.

"Subhanallah," alisema. "Barafu hii."

"Barafu hiyo."

Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi, kama fundo ambalo uzi wake mmoja umeshapatikana. Nasriya alifungua maktaba ile katika lugha ya mashine, akaisoma amri moja moja, na saa nne na nusu akaliona kosa.

Alimchorea Harub kwenye karatasi. Ndani ya kichakataji mna vishimo vichache vinavyoitwa rejista, na baadhi yake ni vya namba za desimali. Programu ya joto inapopiga hesabu huiweka namba yake humo kwa kitambo kidogo sana. Kiini kina ruhusa ya kuikatiza programu yoyote wakati wowote, kikafanya shughuli yake, kisha kikaiachia iendelee kama vile haikukatizwa. Lakini sharti lake ni moja: kisiviguse vishimo vile ila kwanza kihifadhi kilichomo na mwisho kikirudishe.

"Na maktaba?"

"Maktaba iliandikwa kwa ajili ya programu za kawaida. Huko nje, ikigeuzwa kwa njia ya mkato, inatumia vishimo vile itakavyo, na kiini ndicho kinachowalindia wenyewe. Mie nimeichukua nikaitia ndani ya kiini, na hapo hapana wa kumlindia mwenzake. Jibu la seva likija wakati programu ya joto iko katikati ya hesabu, maktaba inaruka juu, inatia namba zake za siri kwenye kishimo, inamaliza, inaondoka. Programu ya joto inaamka, inaiokota namba ile inadhani ndiyo yake."

"Mara zote?"

"Hapana. Mpaka kazi hizo mbili zigongane. Hapa ilijaribu mara mia nne na kitu. Kule Rusayl, mara tatu kwa wiki mbili."

Harub aliitazama karatasi kwa muda. "Na dawa yake?"

"Mstari mmoja. Kuiambia ile programu inayogeuza msimbo isitumie rejista hizo humu ndani. Wenye kiini wenyewe wameliandika hilo kwenye mwongozo wao. Nimeshalisoma zamani." Aliweka kalamu chini. "Nilipounganisha nikachukua maagizo ya maktaba kama yalivyo, kwa sababu yalikubali mara ya kwanza. Nilifurahi, sikuuliza zaidi."

"Wengi hufurahi hivyo," alisema Harub. "Uandike mstari wako."

Aliuandika. Saa tano akakiwasha kisanduku upya, kijitambulishe kila sekunde. Alimpigia Jerusha kama alivyomwahidi, akamweleza kwa maneno machache. Upande wa pili alisikia pumzi ndefu tu, kisha, "Asante Yesu," kisha simu ikakatika. Alipoondoka jioni alikiacha kisanduku peke yake na chupa yake ya barafu.

Jumatano saa moja na nusu kilikuwa kimejitambulisha zaidi ya mara elfu sabini. Barafu ilikuwa imeyeyuka, maji yamepanda taratibu mpaka joto la chumba, nukta kwa nukta, bila ya kuruka hata mara moja.

*

Kamati ilikuwa watu watatu: Khattab, afisa mmoja wa utumishi, na mfamasia aitwaye Jawaher, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Jerusha aliketi mwisho wa meza, pasipoti mbele yake. Harub alianza kusema, kama alivyoahidi, lakini Nasriya alimgusa mkono.

"Kosa ni langu," alisema. "Dada huyu hakuacha mlango wazi. Chumba hakikupata joto. Kifaa chetu ndicho kilichopiga hesabu vibaya, na nimekileta mniangalie kikifanya hivyo."

Akaweka visanduku viwili mezani, cha zamani na kilichotengenezwa, vipimajoto vyake vimetiwa kwenye chupa moja ya barafu, na vyote viwili vinajitambulisha kila sekunde. Khattab alikunja uso. Afisa wa utumishi alitazama saa yake. Dakika zikapita kimya, na kwa Nasriya zilikuwa ndefu kuliko siku zote tatu zilizopita. Ya tano. Ya kumi. Dakika ya kumi na mbili kisanduku cha zamani kikalia, kikaonyesha nyuzi ishirini na moja, na kile cha pili kikabaki sufuri.

Jawaher alitoa kipimajoto chake mwenyewe mkobani, akakitia chupani, akasoma. Kisha akaomba zile namba ghafi za chumba namba mbili. Alizipitia ukurasa baada ya ukurasa, kalamu mkononi, na alipofika mwisho akarudia ile siku ya kwanza.

"Hazijapita tano hata mara moja," alisema. "Nitachukua sampuli chache kwa ajili ya utaratibu. Lakini kwangu mimi dawa hizi ni nzima. Msitupe kitu."

Khattab aliinuka. Alizunguka meza mpaka alipokaa Jerusha, na Kiswahili chake kikawa kizito zaidi kuliko siku ya kwanza.

"Jerusha, nimekukosea. Ulinambia, nikakataa kusikia. Nisamehe."

Jerusha alimtazama bila ya kupepesa. "Uliniuliza mara moja tu, mudir. Mara ya pili hukuniuliza, uliniambia."

"Kweli."

"Basi yameisha." Akachukua pasipoti yake, akaitia mkobani, akafunga zipu. "Kitambulisho changu kiko wapi? Kuna gari ya insulini iko nje tangu saa mbili na huyo dereva hajui kupanga."

Afisa wa utumishi ndiye aliyecheka kwanza. Khattab akatoa kitambulisho mfukoni mwake, na Jerusha akakivaa palepale.

Nasriya alibaki ghalani mpaka mchana. Alibadilisha mfumo wa vyumba vyote vitatu mwenyewe, akangoja kila kimoja kijitambulishe mara kadhaa, akasaini karatasi ya Khattab iliyosema kosa lilikuwa nini na la nani. Hakuona haya kuisaini kama alivyofikiri ataona.

Alipotoka uani alimwona Jerusha amesimama kivulini, simu sikioni, anazungumza na dada yake aliyeko Kakamega. Alikuwa akisema kwa sauti ya juu, mkono mwingine unawaelekeza wapakuaji.

"Nimesema sirudi, Dorothy! Hapana, si likizo, niko kazini. Ile habari ya jana imeisha. Ni mashine... Sijui, kuna mahali ilikuwa inaweka namba, nyingine ikaziondoa. Ee, nitakueleza. Sasa acha kulia, unanifanya na mimi nianze, na niko na watu hapa."

Alimwona Nasriya, akampungia mkono, akageuka kuwafokea wapakuaji walioweka maboksi juani.

Nasriya aliingia garini, akawasha kipoza hewa, akaegemeza kichwa kwenye kiti. Simu ilitetemeka. Alikuwa Harub, aliyetangulia kuondoka.

"Vimekwisha vitatu vyote?"

"Vimekwisha."

"Nenda nyumbani basi. Ofisi leo usiipitie."

Hakubisha. Alishika njia ya Al Khoudh, akasimama mara moja tu kununua tikiti maji, na alipofika alimkabidhi mama yake jikoni, akajitupa kwenye kochi la sebuleni bila ya kuvua abaya yake. Mama yake alimwita aje kula, akamwita tena, kisha akaja na kitambaa chepesi akamfunika miguu.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha. Alikula tikiti karibu lote.